Kofia Isiyokombolewa

Kila asubuhi mjomba wangu Limbu alikunywa uji akiwa amesimama mlangoni, kikombe cha bati mkononi, akimngoja mtu wa kwanza kupita. Awe muuza maziwa, awe mwanafunzi aliyechelewa, awe mzee anayetoka msikitini na tasbihi yake, mjomba alimwacha atangulie kidogo, kisha akashuka barazani na kumfuata nyuma kwa mwendo uleule. Yule akiburuta kandambili, mjomba naye anaburuta. Yule akitembea kama anayekanyaga miiba, mjomba naye anakanyaga miiba. Wala uji haukumwagika. Akifika penye mfereji anageuka, anarudi bado akiwa mtu yule, na mlangoni ndipo anapokuwa Limbu tena, anamalizia uji na kunipa kikombe.

"Leo nimeanza na mwenye haraka, Siku," aliniambia. "Kazi zitaisha mapema."

Alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba aliyopanga Isevya, hapa Tabora, rimu zimening'inia ukutani na beseni la maji la kutafutia pancha limekaa chini. Mimi, Siku, nililetwa kwake nilipoacha shule darasa la tatu, maana mama kule Tura alishindwa kunilisha pamoja na wadogo zangu. Nilipika, nilifagia, nikajifunza kushika mpira wakati yeye anapaka gundi. Sikuwa msemaji. Yeye alisema haidhuru, nyumba ndogo kama ile mdomo mmoja unaitosha.

Lakini kilichomfanya ajulikane mjini si baiskeli. Ni misiba.

Mjomba alikuwa Mnyamwezi, na babu yake alikuwa mpagazi, mtu wa kubeba mizigo kutoka hapa, kupita Tura, kukata nyika ya Ugogo, mpaka pwani. Huko njiani ndiko Wanyamwezi walikopata utani na wenyeji waliowapitia, Wagogo, Wazaramo na wengine. Basi Mgogo au Mzaramo akifa Tabora, wafiwa walituma mtu amwite Limbu. Alikuja, akavaa shati la marehemu, akatembea uani mwendo wa marehemu, akakohoa kikohozi chake, akalalamikia chumvi kwenye mboga kama marehemu alivyokuwa akilalamika. Nimeona wajane wakicheka huku machozi yanawatiririka. Kisha anagoma kulivua shati mpaka likombolewe. Wanampa chochote, bakuli la wali, konzi ya chumvi, naye analivua, analikunja, analirudisha kwa mikono miwili, na jeneza linatoka. Hapo ndipo watu wanaona mwenzao ameagwa vizuri.

"Kitu kilichochukuliwa kwa utani kinarudi kwa kukombolewa," alikuwa akiniambia. "Ukikirudisha hivihivi, maana yake ulikuwa umeiba. Na nani atampa mwizi shati la maiti wake?"

Ni miaka ile ya mwanzo baada ya Azimio. Watu wa mtaa walikuwa wameunda Umoja wa Utamaduni wa Isevya, na hakuna aliyelipwa. Mzee Yahaya, fundi seremala, ndiye mwenyekiti, naye alitoa chumba cha nyuma ya karakana yake kiwe cha kuwekea ngoma. Nassibu, mshona viatu, alipiga ngoma kubwa. Mama Bernadeta, Mgogo aliyeletwa Tabora na mume wake wa reli na akabaki hata baada ya mume kufa, aliuza karanga karibu na stesheni, na jioni aliongoza waimbaji wanawake, mimi nikiwemo. Tulikutana baada ya kazi, kila mtu na harufu ya kazi yake.

Mchezo wetu uliopendwa uliitwa Njia ya Pwani. Wanaume wanaingia na mizigo kichwani, wanaimba, wanachoka, wanafika Ugogo kuomba maji. Hapo mjomba anatua mzigo, anaingia katikati ya watazamaji, anamtafuta mtani wake na kumnyang'anya kitu. Watu walikuja kwa ajili ya hapo. Kwa kawaida aliyenyang'anywa ni Mama Bernadeta, ambaye alikaa mbele makusudi.

"Lete shuka la babu yangu mliyemnyima maji!" mjomba anamwambia, ameshamvuta mtandio.

"Babu yako alipita uchi, shuka lipi?" Mama Bernadeta anamjibu. "Hata mzigo aliobeba haukuwa wake!"

Uwanja unacheka, Mama Bernadeta anatoa karanga chache, anapewa mtandio wake, safari inaendelea.

Mwaka ule tulialikwa kucheza siku ya Saba Saba mbele ya mgeni rasmi. Mama Bernadeta akashikwa na homa, hawezi hata kukaa. Mzee Yahaya alihangaika asubuhi nzima, maana mchezo ule bila mtani ni watu na mizigo tu. Ndipo akamkumbuka Bwana Utamaduni mpya wa wilaya, kijana aliyehamia karibuni, Ndugu Eustace.

"Katoka Dodoma yule, Ugogo kwenyewe," alimwambia mjomba. "Mtani wako atakaa jukwaani akikungoja."

"Una hakika, Mwenyekiti?"

"Kaniambia mwenyewe ofisini, nimezaliwa Dodoma, nimekulia Dodoma. Unataka akuletee na mashahidi?"

Mjomba akaridhika. Sisi wengine pia tuliridhika.

Gari la wageni lilipofika nilikuwa nimesimama karibu na mjomba. Alikuwa ameshajitwika mzigo wake juu ya kata ya nguo kichwani, akanyoosha shingo kumtazama Ndugu Eustace akishuka, na jicho lile nililifahamu, ni lile la asubuhi na kikombe cha uji. Ndugu Eustace alikuwa na kofia ya kahawia yenye ukingo. Alitembea taratibu kuelekea jukwaani, na kila baada ya hatua chache alisimama kumpa mtu mkono. Ungedhani ni ukarimu. Mimi niliona anapumzisha mguu. Wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, naye alijua kuuficha. Mjomba naye aliona.

Mchezo ukaenda vizuri mpaka Ugogo. Mjomba akatua mzigo, akapanda jukwaani moja kwa moja.

"Ewe Mgogo! Babu yangu aliomba maji kwenu mkamvua shuka. Leo umekuja kwetu, kofia haipiti!"

Akainyakua, akaivaa, akashuka uwanjani akiwa Ndugu Eustace. Alisimama kila baada ya hatua chache kumpa mtu mkono, na kila aliposimama mguu wa kushoto ulipumzika, kidogo tu, namna ileile. Yote ambayo yule kijana alikuwa ameyaficha, mjomba aliyatoa uwanjani. Watu walipiga kelele za kicheko. Mgeni rasmi alicheka mpaka akatoa leso, akampigapiga Ndugu Eustace begani. Ndugu Eustace alikuwa ameweka mkono juu ya goti la kushoto, na vidole vimekaza.

Mjomba akarudi, akasimama mbele yake, kiganja wazi. "Nikombolee, mtani."

Ndugu Eustace hakuondoa mkono gotini.

"Nikombolee hata kwa njiti ya kiberiti!"

Kicheko kilianza kupungua. Kule nyuma mtu mmoja aliendelea peke yake, halafu naye akaisikia sauti yake, akaacha.

"Mpe chochote bwana, yaishe," alisema mgeni rasmi.

Ndugu Eustace hakumtazama mjomba. "Mimi si Mgogo," alisema kwa sauti ndogo. "Baba yangu ni mtu wa Bukoba, alipelekwa Dodoma na kazi ya reli. Sina utani na wewe. Rudisha kofia."

Mjomba alikuwa bado anatabasamu, ila lile tabasamu lilikuwa limebaki usoni kama kitu kilichosahauliwa. Nassibu, aliyekuwa mbali, alidhani mambo yamekwisha, akaipiga ngoma kubwa. Waimbaji wakaitikia. Kundi jingine likaingia uwanjani kwa vumbi lake, likatusukuma nje. Tulipofika chini ya ukuta wa uwanja mjomba alikuwa na kofia mkononi.

Kesho yake Mzee Yahaya alikuja barazani, akakataa kiti.

"Bwana Utamaduni amefunga chumba cha ngoma," alisema. "Kaja na kufuli lake, kaondoka na funguo. Anasema taifa linajengwa na sisi tunaitana Wagogo na Wanyamwezi hadharani. Lakini Limbu, mimi ni mtu mzima. Siyo hilo. Ni kofia, na ni mguu."

"Anataka nini?"

"Uirudishe mbele ya Umoja wote na useme uliichukua bila haki. Siku hiyohiyo atatoa funguo."

"Nitairudisha," alisema mjomba. "Anipe punje ya karanga, nitairudisha nikiwa nimepiga magoti."

"Hatakupa. Akikupa amekubali kuwa mtani wako."

"Na mimi nikiirudisha mikono mitupu nimekubali kuwa mwizi. Mwenyekiti, msiba gani utaniita tena?"

Mzee Yahaya alisimama akatazama rimu ukutani. Yeye ndiye aliyesema katoka Dodoma, na wote watatu tulilijua hilo, na hakuna aliyelitaja. Akaondoka.

Mjomba aliitundika kofia kwenye msumari ndani, akaifunika kitambaa isishike vumbi. Kila jioni aliifunua, akaikung'uta kwa vidole, akaifunika tena. Baiskeli zikaanza kupungua. Waliozileta walileta na maneno.

"Fundi, kengele yangu uniachie, eh?"

"Fundi, nimekuja bila kofia makusudi!"

Zamani angemjibu mtu mpaka akimbie. Sasa aliinamia beseni, akatazama mapovu ya maji.

Nassibu alikuja na hasira zake zote. "Ngozi ya ngoma ile niliiwamba mwenyewe, Limbu. Imefungiwa humo na panya. Watoto wanacheza rede mahali petu pa mazoezi. Kwa sababu ya kofia!"

"Niletee karanga moja kutoka mkononi mwake."

"Nitakupa gunia!"

"La kwako halinifai, Nassibu. Wewe kwetu ni jirani tu."

"Basi kaa na kofia yako. Ukifa tutakuzika nayo."

"Kwanza mtafute wa kunivua," alisema mjomba, na kwa muda mfupi wote wawili karibu wacheke. Nassibu akakumbuka hasira yake, akaenda.

Halafu akafa Mzaramo, Selemani cherehani, mtu wa mtaa wa pili. Habari ilitufikia kabla jua halijawa kali. Mjomba alimfahamu Selemani tangu ujana, alijua namna alivyokuwa akitoa pini mdomoni kabla ya kusema. Alioga, akavaa kanzu safi, akakaa kwenye kigoda mlangoni kungoja aitwe. Nilimpa chai, hakuinywa. Watu walipita kwenda msibani kwa makundi. Waliotusalimia waliharakisha, wasiotusalimia walitazama upande wa pili. Adhuhuri ikafika. Tukasikia sauti za wanaobeba jeneza, likapita mbele ya nyumba yetu, na mjomba akainuka. Nilimwona mkono wake ukienda mdomoni, vidole viwili, kama anayetoa pini. Akaushusha. Msafara ukapita. Hakuna mtu aliyekuwa amevaa shati la Selemani.

Kuanzia kesho yake alikunywa uji ameketi ndani.

Mama Bernadeta alipopata nafuu na kusikia yote, alikuja na fimbo, amekonda, macho makubwa. Hakusubiri hata nimpe kigoda.

"Wee Mnyamwezi, nimeugua kidogo tu umekwenda kuchukua kofia za watu?"

"Shikamoo mtani," alisema mjomba.

"Marahaba, ingawa hustahili. Sikiliza. Huyo kijana kazaliwa kwetu, kanywa maji ya kwetu. Mimi nitamkombolea. Mgogo akimkombolea mtoto aliyelelewa Ugogo, nani atakataa? Wewe utapata karanga zako, yeye atapata kofia yake, na Nassibu ataacha kulia kama mjane."

Mjomba akacheka, cheko la kwanza tangu Saba Saba. "Hivi kweli itafaa?"

"Itafaa akikubali," alisema Mama Bernadeta. "Niachie mimi."

Mzee Yahaya akaita mkutano uani kwake, alasiri, kwenye maranda na harufu ya mninga. Umoja wote ulikuja. Ndugu Eustace alikuja kwa miguu, kichwa wazi, akakaa kwenye benchi karibu na mlango wa chumba cha ngoma. Funguo alikuwa nazo mkononi, akizigeuzageuza. Mjomba aliingia na kofia ameishika kwa mikono miwili, kitambaa juu yake. Ile kata ya kujitwikia mizigo ya mchezo alikuwa ameitia mkononi kama bangili kubwa. Akasimama katikati.

Mama Bernadeta hakumpa mtu nafasi. Alikwenda mbele ya Ndugu Eustace, akafungua pindo la khanga, akatoa karanga.

"Mwanangu, mimi ni Mgogo. Wewe umekulia kwetu. Naikomboa kofia ya mtoto wa nyumbani." Akageuka. "Mnyamwezi mwenye njaa, lete kiganja!"

Watu wakaanza kutabasamu. Nassibu alikuwa ameshainuka kutoka kwenye gogo alilokalia. Mjomba akanyoosha kiganja, na karanga zilikuwa karibu kabisa kudondoka ndani yake.

"Hapana, mama," alisema Ndugu Eustace.

Mkono wa Mama Bernadeta ukabaki hewani.

"Usinikombolee. Wewe si mama yangu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka. "Dodoma nilisoma na watoto wa Kigogo. Walikuwa wakitaniana na kila aliyepita, Wanyamwezi, Wasukuma, wote, na mimi nikisimama pembeni. Nikiwaambia nami nitanieni, wanasema wewe huna kwenu hapa. Ila mguu walikuwa wakinifuata nao mpaka nyumbani, wanne watano, wote wakichechemea nyuma yangu. Huo haukuwa utani. Nilikuwa peke yangu tu." Akazitazama funguo. "Uwanjani mliposema mtani, mtani, na watu wote wanacheka, nilikuwa palepale njiani, nimebeba daftari zangu."

Mzee Yahaya alishika kichwa.

"Kwa hiyo msiniambie nilicheke," alisema Ndugu Eustace. "Ningekuwa mtani ningecheka."

Nilikuwa namtazama mjomba. Wakati wote ule wa ubishi nilikuwa nimezoea kuona taya lake limekaza, kama anayevuta mnyororo uliogoma. Sasa lililegea. Alifunga kiganja bila karanga, akakishusha. Akatoa kitambaa juu ya kofia, akakikunja, akakitia mfukoni. Akaenda mpaka kwenye benchi, akapiga magoti juu ya maranda.

"Ndugu Eustace, nilikosea mtu," alisema. "Nilidhani nimechukua kwa mtani. Kumbe nilichukua kwa mpita njia. Kitu cha mpita njia kikichukuliwa kina jina lake, na watu wa hapa wanalijua. Niliiba."

"Limbu!" alisema Nassibu. "Inatosha. Mwombe radhi, basi."

"Radhi namwomba." Akaiweka kofia kwenye benchi, si mapajani kwa yule kijana, bali kando yake, taratibu, ukingo umemtazama mwenyewe. "Kofia hiyo nimeirudisha. Lakini nilichukua na mwendo wako, ndugu yangu, nikaugawa uwanja mzima. Huo sijui nitaurudishaje."

Ndugu Eustace alishika kofia, akaiinua kidogo, akatazama karanga zilizobaki mkononi mwa Mama Bernadeta. Sekunde ile kila mtu aliiona. Kama angenyoosha mkono na kuichukua hata moja, ingetosha. Akaweka kofia kichwani. Akampa Mzee Yahaya funguo.

"Ngoma ni zenu," alisema. "Pigeni."

Mjomba akainuka, akapangusa maranda magotini. Akaichomoa kata mkononi, akaiweka juu ya gogo alilokuwa amekalia Nassibu.

"Kaa chini, unakwenda wapi?" alisema Mama Bernadeta. "Mimi bado ni mtani wako, mjinga wewe. Nikifa nani atanitembea?"

"Tafuta mwenye mikono safi, mtani."

"Mikono gani? Tangu lini wewe ulikuwa na mikono safi, na grisi hiyo?"

Mtu mmoja alicheka, na mjomba naye alitabasamu, akamshika Mama Bernadeta bega. Kisha akapita katikati yetu. Aliponifikia alinigusa kichwani, akasema, "Siku, beseni uliinamishe, maji yasilale," akatoka langoni.

Nilimfuata mpaka pale langoni. Miaka yote niliyokaa naye nilikuwa nimemwona akitembea mwendo wa shekhe, wa muuza maziwa, wa wafu wa mji mzima. Sasa barabarani hapakuwa na mtu mbele yake. Alitembea mwendo ambao sikuwa nimewahi kuuona, mikono imening'inia, miguu ikikanyaga sawasawa, haraka kuliko nilivyodhani. Alipita nyumba yetu, akapita rimu zilizoning'inia barazani, akapita mfereji alipozoea kugeuka.

Nyuma yangu kufuli lilifunguka, na Nassibu akaanza kugonga ngozi kwa vidole kusikiliza imelegea wapi. Mjomba lazima alisikia. Alishika njia ya mashariki inayokwenda sambamba na reli, ile ya wapagazi, na hakurudi.